Katiba na Usalama wa Taifa: Tuliyoyaona Kitale na Bungoma

 

Katiba tunayoitumia Kenya ilizinduliwa ndani ya mwezi wa Ramadhani. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 27 Agosti 2010, watu wamefurika Uhuru Park jijini Nairobi, na Waislamu waliokuwepo walikuwa na saumu zao. Kila mwaka tarehe hiyo ikifika tunasikia hotuba za ugatuzi, za magavana, za mgao wa pesa. Sisi nasi tukizungumzia katiba, sana sana tunazungumzia mahakama za Kadhi, kisha basi. Leo nataka tuifungue Sura ya 14, ile ya usalama wa taifa. Ukiisoma pole pole utadhani iliandikwa na mtu aliyepita Endebess mwaka 1992, halafu akapita Kapsokwony mwaka 2008.

Ninachotaka kusema ni kwamba huku kwetu Trans Nzoia na Bungoma serikali ilitukosea kwa njia mbili zilizo kinyume. Mara ya kwanza watu walichomewa nyumba, na serikali haikuja. Mara ya pili ilikuja, tena na jeshi na ndege, ikakusanya wanaume bila kuuliza nani ni nani. Mtu wa haraka atasema dawa ya kosa la kwanza ni kuiongezea serikali nguvu, na dawa ya kosa la pili ni kuipunguzia. Mimi naona makosa yote mawili ni matawi ya mti mmoja. Askari alikuwa akimtii mkubwa wake, na huyo mkubwa hakuwa na wa kumuuliza.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu mambo haya hayakuanza juzi. Wazee wa Bungoma hawajaisahau Malakisi. Februari 1948 polisi wa mkoloni waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, wakaua watu 11. Dini yenyewe ikapigwa marufuku, na kiongozi wake, Elijah Masinde wa Kimilili, akapelekwa kuzuiliwa Lamu. Fikiria, mtu wa mlimani anapelekwa kisiwani, asijue mtu wala lugha ya upepo wa huko. Uhuru ukaja, wengi wakadhani mambo hayo yamekwisha. Mwaka 1968 serikali ya Mwafrika nayo ikaipiga dini ileile marufuku kwa mara ya pili. Sisi hatukubaliani na itikadi zake, hilo linajulikana, lakini tukubali kwamba kalamu iliyotia saini mwaka 1968 ilijifunza kuandika kwa ile ya 1948.

Sheria zenyewe zilirithiwa hivyohivyo. Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma ilipitishwa mwaka 1960, mkoloni akiwa tayari anafunga mizigo. Ilimruhusu mkubwa kumzuilia mtu bila kumfikisha mahakamani, kufunga maeneo, kuzuia watu wasitembee. Waingereza wakaondoka, sheria ikabaki mezani, na waliokuja wakaiona ni tamu.

Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na breki zake. Kulikuwa na majimbo, kulikuwa na Seneti, na kila jimbo lilipewa usemi katika mambo yake. Chama cha KADU ndicho kilichoipigania, na mmoja wa vigogo wake alikuwa Masinde Muliro, mtu wa kwetu. (Hata ndani ya KADU penyewe Wabukusu na Wakalenjin waligombania Kitale iwe upande gani. Mbegu ya maneno ya baadaye ilikuwepo tangu wakati huo.) KADU ikajivunja mwaka 1964. Halafu zile breki zikang'olewa moja moja.

Sababu iliyotolewa kila mara ilikuwa usalama. Siku 13 tu baada ya bendera kupandishwa, tarehe 25 Disemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki kwa ajili ya vita vya Shifta. Mwaka 1966 peke yake katiba ilibadilishwa mara kadhaa. Mbunge akihama chama lazima arudi kwa wapiga kura, hiyo ilimlenga Jaramogi Oginga Odinga na wenzake. Mamlaka ya kuzuilia watu bila kesi yakapanuliwa. Seneti ikafutwa. Vita vya Shifta vilipokwisha, Bunge mwaka 1970 likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyafanya Kaskazini Mashariki na wilaya za karibu, zikiwemo Tana River na Lamu, kuanzia Disemba 1963 hadi Disemba 1967. Yaani aliyepigwa, aliyechomewa mifugo, aliyefiwa, wote mlango wa mahakama ulifungwa. Wengi wao walikuwa Waislamu, ndiyo, lakini mwalimu, mkulima au mchuuzi wa Kitale aliyeona hayo hayamhusu alikosea hesabu. Kisu kikizoea kukata hakichagui nyama.

Mwaka 1975 kilikata bungeni kwenyewe. J. M. Kariuki aliuawa mwezi wa Machi, Bunge likaunda kamati ya kuchunguza, na ripoti ilipopigiwa kura Masinde Muliro, akiwa waziri, aliiunga mkono. Akafutwa kazi. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Martin Shikuku wa Butere na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge, wakazuiliwa bila kesi. Kosa lao lilikuwa maneno.

Tarehe 9 Juni 1982 Bunge likaweka kifungu cha 2A katika katiba, KANU ikawa ndiyo chama pekee. Mwezi wa Agosti kukawa na jaribio la kupindua serikali, na baada ya hapo kila jambo likaitwa usalama. Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia huko Wajir walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani bila maji, wengi wakauawa. Serikali baadaye ilikubali watu 57. Wenyeji wanahesabu mamia na zaidi. Shika picha hiyo ya wanaume waliokusanywa mahali pamoja, tutaikuta tena. Mwaka 1988 katiba ikabadilishwa tena ili polisi waweze kumshikilia mtuhumiwa wa kosa la kunyongwa siku 14 kabla ya kumpeleka kortini, na majaji wakanyang'anywa ulinzi wa kazi zao kwa siku moja hiyohiyo. Jaji akitaka kumuuliza polisi umemfanya nini huyu mtu, lazima kwanza afikirie mshahara wake. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, dunia ilipoanza kupiga kelele.

Sasa tunafika nyumbani kabisa.

Agosti 1991 wazee sita walianzisha FORD: Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Salim Bamahriz, Mwislamu wa Mombasa. Vijana wengi hawalijui jina hilo la mwisho, na ni vizuri walijue. Disemba mwaka huohuo kifungu cha 2A kikafutwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Rais Moi alikuwa akisema siku zote kwamba vyama vingi vitaleta vita vya kikabila. Na kweli vita vikaja, tena vikaja kwa wakati. Moto wa kwanza uliwaka mwisho wa Oktoba 1991 katika shamba la Miteitei, Nandi, kifungu cha 2A kikiwa bado hakijafutwa. Mwaka 1992 ulikuwa umefika kwetu: Endebess, Kwanza, na pande za Mlima Elgon ambazo wakati huo zilikuwa ndani ya wilaya ya Bungoma.

Watu walikuja usiku na mishale na moto. Mbukusu aliambiwa hapa si kwake, Mkikuyu aliambiwa vivyo hivyo, na Wasabaoti nao walipoteza watu na nyumba pale wengine walipolipiza. Familia zilizokuwa zimenunua mashamba kwa jasho la miaka zililala kwenye kambi Endebess, Kapkateny na viwanja vya makanisa, mahindi yakiozea shambani. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya, kila mtu anajua. Mwaka huo watu wa ghala walikula unga wa msaada.

Polisi walikuwa wapi? Hilo ndilo swali. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, yenye wabunge wa KANU watupu kwa sababu Bunge zima lilikuwa la KANU, ilihesabu watu 779 waliouawa nchini kufikia 1992 na ikasema kuna wanasiasa waliochochea. Bunge likakataa kuipokea ripoti hiyo. Watetezi wa haki za binadamu walikadiria kwamba kufikia mwisho wa 1993 waliokufa walikuwa kama 1,500, na waliofukuzwa makwao kama 300,000. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998, nayo ikakuta kwamba wakuu wa usalama mara nyingi walikuwa na habari mapema na hawakufanya la maana. Ripoti yake ilikaa kabatini mpaka 2002.

Kwa hiyo nchi ilikuwa na sheria kali kupita kiasi, ikiwa na uwezo wa kumfunga mwandishi wa kitabu bila kesi, lakini ikashindwa kumzuia mtu mwenye mshale asivuke shamba la jirani. Na pale ilipoitumia sheria ile ya 1960, ilifanya nini? Septemba 1993 ilitangaza Molo, Burnt Forest na maeneo ya jirani kuwa ya operesheni, ikawakataza wageni, na waandishi wa habari, wasiingie. Sheria ya usalama iliwakinga wachomaji wasionekane. Nisamehe nikisema kwa ukali, ila siwezi kulieleza jambo hili kwa njia nyingine.

Masinde Muliro hakuuona uchaguzi alioupigania. Alifariki Agosti 1992, aliposhuka kwenye ndege Nairobi akitoka safarini.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi, wabunge wa pande zote walikubaliana kupunguza makali, na mamlaka ya kuzuilia watu bila kesi yakaondolewa katika ile sheria ya 1960. Tume ya kurekebisha katiba ikaundwa chini ya Profesa Yash Pal Ghai, ikiwa na makamishna Waislamu kama Ahmed Issack Hassan na Abubakar Zein, ikazunguka nchi kuchukua maoni. Mkutano mkuu ukafunguliwa Bomas Aprili 2003. Mwaka huo ulikuwa mzito. Agosti, Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa, mwana wa Kitale, alifariki London. Tarehe 14 Septemba, Dk. Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi pale Bomas, alipigwa risasi nyumbani kwake Nairobi, na hata leo wengi hawaridhiki na maelezo ya nani alimtuma muuaji. Rasimu iliyopelekwa kwa wananchi tarehe 21 Novemba 2005 ilikataliwa kwa asilimia 58.

Katikati ya hayo kulikuwa na mswada wa ugaidi. Kenya ilikuwa imeumia kweli. Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi, wakafa zaidi ya watu 200, karibu wote Wakenya, na Novemba 2002 hoteli ikalipuliwa Kikambala. Hakuna Mwislamu mwenye akili anayefurahia damu hiyo. Lakini mswada wa 2003 ulikuwa na kipengele ambacho kingeweza kumtia mtu hatiani kwa namna alivyovaa, kama mavazi yamemfanya ashukiwe kuwa ni wa kundi lililopigwa marufuku. Waislamu wakaupinga, mawakili na watetezi wa haki wasio Waislamu wakaupinga pamoja nasi, ukaondolewa. Na mapema 2007, sheria hiyo ikiwa haipo, watu waliokimbia vita Somalia walikamatwa mpakani na Nairobi, wakasafirishwa kwa ndege usiku kwenda Somalia na Ethiopia bila hakimu kuwaona. Kumbe hata sheria ikikosekana, mwenye nia hapungukiwi na njia.

Turudi mlimani. Serikali iligawa mashamba ya Chepyuk, juu ya Mlima Elgon, kwa awamu tangu miaka ya 1970. Kila awamu iliacha watu wakinung'unika: waliopewa kisha wakanyang'anywa, waliokuwa na shamba moja lenye wenyewe wawili. Awamu ya tatu ndiyo iliyopasuka. Mwaka 2006 likajitokeza kundi lililojiita Jeshi la Ulinzi wa Ardhi ya Wasabaoti, SLDF, chini ya Wycliffe Matakwei. Wenyeji wakaliita Janjaweed, jina lililosikika redioni katika habari za Darfur.

Kundi hilo lilifanya unyama. Liliua, likabaka, likakata watu masikio, likatoza watu kodi katika mashamba yao wenyewe. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba waliouawa na kundi hilo tangu 2006 walipita 600. Na tuseme ukweli, waathiriwa wengi walikuwa Wasabaoti wenzao. Watu wakateremka mlima kwa maelfu kuja Kimilili, Chwele, Bungoma na Kitale. Kwa karibu miaka miwili kilio kilikuwa kile cha 1992: serikali iko wapi?

Uchaguzi wa Disemba 2007 ukaharibika, nchi ikawaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Hapa kwetu uwanja wa maonyesho wa Kitale ukawa kambi. Tarehe 28 Februari 2008 mkataba wa amani ukatiwa saini mbele ya Kofi Annan, na chini ya wiki mbili baadaye, Machi, serikali ikaja Mlima Elgon. Ikaja na jeshi. Operesheni ikaitwa Okoa Maisha.

Mwanzoni wengi walishangilia, na mimi siwalaumu. Mtu aliyelala msituni miaka miwili akisikia helikopta ya serikali atapiga takbira. Lakini wanajeshi waliingia kijiji hadi kijiji wakichukua wanaume, vijana na wazee, wakawapeleka kambini Kapkota. Waliwalaza chini, wakawapiga, wakawapitisha mbele ya watu waliofunikwa nyuso, na aliyenyooshewa kidole akatengwa. Waliobaki hai walipelekwa katika mahakama za Bungoma na miji ya karibu, wengine hawawezi kutembea. Wengine hawakuonekana tena. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilitoa ripoti Mei 2008, madaktari wa shirika la IMLU waliandika majeraha waliyoyaona, na shirika dogo la Bungoma, Western Kenya Human Rights Watch, likakusanya majina ya waliopotea. Wanahabari na mashirika ya misaada walizuiwa kupanda. Jeshi lilikana kutesa watu. Matakwei aliuawa mwezi wa Mei, SLDF ikavunjika, na amani ikarudi mlimani, hilo nalo lisifichwe. Mwaka 2011 Human Rights Watch ilisema waliopotea, wakichukuliwa na kundi na wakichukuliwa na wanajeshi, hawapungui 300.

Angalia sheria ilivyokuwa. Hakuna hali ya hatari iliyotangazwa. Bunge halikuombwa ruhusa, kwa sababu katiba ya zamani haikulazimisha liombwe. Mkubwa alisema nenda, jeshi likaenda. Mwaka 1992 mkubwa hakusema nenda, polisi wakakaa. Wagalla na Kapkota zinafanana hivyo kwa sababu kati ya 1984 na 2008 hakuna mtu aliyekuwa ameibadilisha njia ya amri.

Sasa fungua Sura ya 14. Kifungu cha 238 kinaanza kwa kueleza usalama wa taifa ni nini, na ndani ya maelezo hayo wamo watu, haki zao, uhuru wao na mali yao, pamoja na mipaka ya nchi. Kwa hiyo anayemtesa mwananchi kwa jina la usalama anauvunja huo usalama. Kifungu cha 239 kinavikataza vyombo vya usalama kutumikia chama chochote. Kifungu cha 241 kinasema jeshi likitaka kupelekwa kutuliza ghasia sehemu yoyote ya Kenya, lazima Bunge la Kitaifa likubali. Kifungu cha 245 kinampa Inspekta Jenerali amri ya polisi, na kinamkataza mtu yeyote, waziri akiwemo, kumwambia amchunguze fulani au amwache fulani. Hicho ni jibu la 1992. Kifungu cha 58 kinasema hali ya hatari ikitangazwa inadumu siku 14 tu, baada ya hapo thuluthi mbili ya wabunge lazima wakubali, na ikitaka kuendelea zaidi ni robo tatu. Kifungu cha 25 kinasema kuna mambo hayaguswi hata vita vikiwepo: mtu asiteswe, na akizuiliwa, mahakama iweze kuamuru aletwe aonekane. Baadaye, mwaka 2011, ikaundwa mamlaka ya raia ya kuwachunguza polisi, IPOA.

Sisi tuliosoma madrasa tunajua kwamba katika Suratu Quraysh kulishwa na kusalimika na hofu vimetajwa pamoja. Mtu wa Trans Nzoia halihitaji somo hilo, alilipata 1992.

Mahakama za Kadhi nazo zilipita katika tanuri hilohilo. Zilikuwemo katika katiba ya 1963, baada ya makubaliano ya Oktoba mwaka huo kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, kuhusu ile kanda ya maili kumi ya pwani. Mei 2010, miezi isiyofika mitatu kabla ya kura, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kifungu cha 66 cha katiba ya zamani kinachozitaja hakipatani na nchi isiyo na dini rasmi. Kampeni ikageuka kama vile kura ni ya Kadhi. Niliyosikia kwa wazee wa Kitale ni kwamba jirani na jirani walipita bila kusalimiana. Tarehe 4 Agosti asilimia 67 walisema ndiyo, na kifungu cha 170 kikabaki. Kadhi anasikiliza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuja kwake. Ndiyo hayo tu, hakuna la kuogofya.

Je, katiba imefanya kazi? Imefanya na haijafanya. Novemba na Disemba 2014 al-Shabaab waliua abiria 28 wa basi na wachimba mawe 36 huko Mandera. Upesi upesi Bunge, katikati ya vurugu na wabunge kurushiana ngumi, likapitisha sheria ya kubadilisha sheria za usalama. Ingekuwa 1988, hapo ndipo hadithi ingeishia. Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vipengele vinane, kikiwemo cha kuwabana wanahabari na cha kuweka wakimbizi wasizidi 150,000 nchi nzima. Februari 2023 jeshi lilipopelekwa Bonde la Ufa la kaskazini, West Pokot majirani wetu wakiwemo, serikali ilienda Bunge la Kitaifa kuomba idhini. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bunge, jeshi lilitangazwa siku hiyohiyo, wabunge wakaidhinisha kesho yake, mawakili wakaenda mahakamani, na jaji akaamuru serikali itangaze jeshi litafanya nini na kwa muda gani. Wanajeshi hawakurudishwa kambini siku ile, lakini waliulizwa. Mwaka 2008 hakukuwa na mahali pa kuuliza.

Na haijafanya pia. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Mombasa tarehe 27 Agosti 2012, miaka miwili kamili tangu katiba izinduliwe. Mimi mahubiri yake siyakubali, na aliyewavuta vijana kwenda kufa Somalia aliwadhulumu wazazi wao. Lakini alikuwa na kesi mahakamani, na hukumu haikuwa imetoka. Aliyemuua alimnyima hukumu yeye, akatunyima na sisi ukweli. Tangu hapo orodha ya vijana waliochukuliwa Mombasa, Nairobi na kwingineko haikukatika. Wakenya wengine walidhani ni mambo ya Waislamu mpaka Disemba 2024, tume ya haki za binadamu ilipohesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni mwaka huo, na 29 kati yao wakati huo walikuwa hawajulikani walipo.

Niwaache na wale 300. Sheria ya Kenya inasema mtu asipoonekana wala kusikika kwa miaka saba anaweza kuhesabiwa kuwa amekufa. Mpaka hapo, mke hana cheti cha kifo, na bila cheti hawezi kurithi shamba wala kutoa pesa benki. Sisi kwenye fiqhi tuna mlango mzima wa mafqud, aliyepotea: mkewe atangoja mpaka lini, ataanza eda siku gani, mali yake igawanywe au ishikwe. Ustadh akitufundisha mlango huo tulikuwa tunadhani ni habari za misafara ya ngamia jangwani. IMLU walipeleka kesi ya Mlima Elgon Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, mwaka 2010. Machi 2012 kitengo cha rufaa kikasema kesi imechelewa, kwa kuwa mkataba wa jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kushtaki. Miaka saba ya wale wanaume ilitimia mwaka 2015. Baadhi ya wake zao walikataa kwenda kuandikisha kifo, wakisema hawajaona kaburi.